Nakshi, udongo au mkono wa mfinyanzi: uchague njia ipi kufuatilia uhamaji wa kale

Kigae chenye pembetatu zilizochorwa begani mwa chungu kimepatikana Shanga, kisiwani Pate, Kenya. Ndugu zake wamepatikana Unguja Ukuu, Kilwa, Komoro, na hata Chibuene katika pwani ya Msumbiji. Kutoka Pate hadi Chibuene ni zaidi ya kilomita 2,000, na vigae vya aina hiyo ni vya karne ya 7 hadi ya 10. Je, watu walihama na ufinyanzi wao? Vyungu ndivyo vilivyopakiwa vyomboni na kusafirishwa? Au ni nakshi tu iliyoigwa kutoka bandari moja hadi nyingine?

Hayo ni maswali matatu, na hakuna njia moja inayoyajibu yote. Nakshi huonyesha nani alimtazama nani. Udongo huonyesha chungu kilifinyangwa wapi. Namna kilivyojengwa huonyesha mfinyanzi alifundishwa na nani. Mwanafunzi, ofisa wa makumbusho au kikundi cha utafiti chenye masanduku ya vigae stoo na fedha za kufanya jambo moja au mawili tu, inambidi achague swali kwanza. Wanaoanza kwa kutafuta mashine huishia na jedwali refu la namba na vigae vilivyotobolewa.

Nakshi na umbo: kazi ya kwanza, ila si jibu la mwisho

Gharama yake ni muda na macho. Unahitaji kalipa (kifaa cha kupimia unene), chati ya miduara ya kupimia midomo, mizani, kamera na daftari. Vigae huoshwa kwa maji matupu na brashi laini, hukaushwa kivulini, kisha hutengwa: midomo, shingo, mabega, matumbo na vitako. Kila kimoja hupewa namba. Mdomo uliobaki chini ya asilimia 5 ya mduara wake usiupime kipenyo, kwa sababu kosa dogo la kukiweka kigae kwenye chati hubadilisha kipenyo kwa sentimita nyingi. Hesabu ya vyungu itoke kwenye midomo. Ukihesabu vipande vya matumbo, chungu kimoja kilichopondeka vipande 80 kitaonekana ni kijiji kizima.

Andika nakshi ilipo kwenye chungu, chombo kilichoichora (kijiti, ukingo wa kombe, kitana, kamba), na mstari upi ulitangulia. Mpangilio wa mistari husahaulika mara nyingi, ingawa ndio unaoonekana vizuri zaidi chini ya taa iliyolazwa upande: mstari wa pili hukata wa kwanza na kuacha ukingo mdogo wa udongo uliosukumwa.

Kwa njia hii ndipo historia ya wakulima wahunzi wa mwanzo wa Afrika Mashariki ilipoanza kuandikwa. Mwaka 1948 vyungu vya magharibi mwa Kenya vyenye kibonyeo kitakoni vilielezwa kwa mara ya kwanza, na baadaye vikapewa jina la Urewe. Aina hiyo imepatikana kuzunguka Ziwa Viktoria, Kagera, Rwanda, Burundi na Uganda. Miaka ya 1960 Robert Soper alichimba Kwale, kusini mashariki mwa Kenya, akapata vyungu vyenye midomo iliyokatwa kwa mshazari, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, ambavyo pia vimo Usambara na Upare. Undugu wa Urewe na Kwale ulionekana kwa macho, na kutokana nao ikachorwa mishale mingi kwenye ramani za uhamaji wa wasemaji wa lugha za Kibantu.

Mishale hiyo ndiyo inayohitaji tahadhari. Nakshi ni kitu cha wazi, na mfinyanzi yeyote aliyeona mtungi wa jirani kisimani anaweza kuijaribu jioni ileile. Majina nayo huchanganya. Ufinyanzi huohuo wa pembetatu wa pwani umeitwa Wenje, umeitwa mapokeo ya Tana, mwanaakiolojia Felix Chami ameuita kwa pembetatu zake, na katika ripoti za Kilwa za Neville Chittick umo ndani ya vyombo vya jikoni. Anayelinganisha ripoti kwa majina tu atahesabu jamii nne penye moja. Na kwa vigae vilevile, wapo walioona mkono wa wafugaji wa Kikushi, na Chami akaona mwendelezo kutoka kwa wakulima wahunzi wa pwani waliotangulia. Nakshi peke yake haikuweza kumaliza ubishi huo.

Hata hivyo nakshi zote hazina uzito sawa. Geuza chungu cha Urewe juu chini: katikati ya kitako pana shimo dogo la duara, lililobonyezwa udongo ukiwa bado mbichi. Chungu kikiketi mafigani au kikibebwa kichwani, hakuna anayeliona. Jambo lililofichika namna hiyo ni gumu kuigwa kwa kupita njia. Kwa kawaida alijuaye ni aliyekaa karibu na mfinyanzi. Ukilazimika kubaki na njia hii moja, zipe uzito alama za aina hiyo: kitako, upande wa ndani, na namna mdomo ulivyounganishwa na shingo. Michoro ya begani ifuate nyuma.

Mkono wa mfinyanzi: njia inayodharauliwa

Olivier Gosselain, aliyefanya kazi na wafinyanzi wa Kamerun na sehemu nyingine za Afrika, alionyesha kwamba hatua za ufinyanzi hazibadiliki kwa kasi moja. Nakshi, rangi na namna ya kuchoma hubadilika upesi kufuata soko na majirani. Namna ya kuliinua bonge la udongo hadi liwe chungu haibanduki kirahisi, kwa kuwa imeingia mikononi tangu utotoni, kwa mama au shangazi. Kwa swali la uhamaji, hiyo ndiyo alama yenye thamani.

Vifaa vyake ni vya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Chagua vigae vyenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Pitisha vidole upande wa ndani macho yakiwa yamefumbwa: pete za udongo huacha mawimbi ya kulala, udongo uliovutwa juu huacha mifereji ya kusimama. Kisha tazama ulipovunjika. Chungu cha pete hupenda kukatika kwa mlalo kufuata maungio, na ukingo wa kigae huwa na mgongo wa mviringo upande mmoja na kijibonde upande wa pili. Vunja kipande kidogo kwa koleo, mkato uwe wima kutoka mdomoni kwenda chini, na utazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya hewa, vilivyolala mshazari ni maungio ya pete. Vilivyopangana sambamba na ukuta kama kurasa za kitabu ni vya udongo uliopigwapigwa kwa kibao.

Penye shaka, eksirei humaliza ubishi. Mashine ya kupiga picha za matiti hospitalini ni bora kuliko ya mifupa, kwa kuwa huonyesha vitu vidogo zaidi. Panga vigae 10 au 15 kwenye sahani moja, mdomo wa kila kimoja ukielekea juu, na weka namba za risasi pembeni. Ukisahau kuelekeza midomo upande mmoja, picha haitakuambia vinyweleo vimesimama au vimelala, na hapo umepoteza siku.

Kinachoharibu njia hii ni mfinyanzi mzuri. Aliyekwangua ndani kwa kifuu na kusugua nje kwa kokoto laini amefuta nyayo zake nyingi, kwa hiyo vitako na maungio ya shingo, ambako mkono haufiki vizuri, ndiko pa kuanzia. Jambo la pili ni ndoa. Katika sehemu kubwa ya ukanda huu wafinyanzi ni wanawake. Mkono mpya ukitokea kijijini, huenda ni bibi arusi mmoja aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mkono mpya kwenye vigae 3 kati ya 200 si sawa na mkono mpya kwenye vigae vyote vya tabaka la juu.

Udongo: hadubini au kemia?

Hapa ndipo fedha nyingi hutumika vibaya, kwa hiyo tukae kidogo.

Msingi wake ni huu: wafinyanzi hawapendi kubeba udongo mbali. Tafiti za Dean Arnold kwa wafinyanzi wa sehemu nyingi duniani zilionyesha kwamba walio wengi huuchimba ndani ya kilomita 7. Chungu chenye udongo wa kilomita 7 ni chungu cha hapo. Chenye udongo wa mbali kimesafiri chenyewe. Hapa ndipo wengi hujikwaa: chungu kilichosafiri si ushahidi kwamba watu wamehamia. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, vyungu vyao hupakiwa mitumbwini hadi Matema, na kutoka hapo huenda masoko ya Kyela, Tukuyu na Mbeya. Atakayechimba Mbeya miaka 1,000 ijayo atakuta vyungu vya Kikisi tele bila kijiji cha Wakisi. Ushahidi wenye nguvu wa uhamaji ni kinyume chake: mkono wa ugenini kwenye udongo wa hapa. Ndiyo sababu uchunguzi wa udongo bila uchunguzi wa mkono hujibu swali la biashara tu.

Petrografia ni kusoma kigae kama mwamba. Kata kipande cha sentimita 2 kwa 3, kiwe wima na ukuta. Kinyweshe gundi ya epoksi, kwa sababu vigae vya moto wa wazi humomonyoka. Kibandike kwenye kioo cha slaidi, ukisage kwa unga wa kaborandamu, kuanzia wa chenga hadi wa namba 600, mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03. Punje za kwatzi ndizo kipimo chako: chini ya hadubini ya mwanga wa polaraizi, kwatzi ikionekana kijivu au nyeupe umefika, ikiwa ya njano bado ni nene. Wanaoanza huharibu zaidi hapa mwishoni. Sekunde chache za ziada kwenye kioo, na kigae kimeisha.

Ukifika, unaona vitu ambavyo mashine ya kemia haivioni kabisa: mchanga ulioongezwa na mfinyanzi, vigae vya zamani vilivyopondwa na kuchanganywa, makombe, nyuzi za majani zilizoungua. Jiolojia ya kwetu husaidia. Vyungu vya Usambara na Upare huwa na madini ya miamba geuzi, kama garneti, honiblendi na ulanga. Karibu na Naivasha utakuta vioo vya volkeno. Pwani kuna mchanga wa kwatzi na vipande vya matumbawe. Lakini usikimbilie kusema kigae chenye garneti kilichookotwa pwani kimetoka milimani. Mto Pangani hushusha madini hayo hadi baharini. Tazama umbo la punje: zenye kona kali hazijasafiri, za mviringo zimebingirishwa na maji, na huenda mfinyanzi alizichota mtoni karibu na kwake.

Kemia ina ngazi mbili. Ya chini ni mashine ya XRF ya mkononi, inayopiga kigae eksirei na kusoma elementi zake, nayo yaweza kusoma hata bila kukikata. Hiyo ndiyo inayowavutia wengi, nayo ndiyo inayowadanganya wengi. Dirisha lake husoma duara la milimita chache tu, tena juujuu. Likikutana na punje moja kubwa ya madini, kigae kizima kinaonekana cha mbali. Kwa hiyo soma mahali pasipopungua 3 kwenye mkato mpya uliokauka, sekunde 60 hadi 180 kila mara, kwenye kigae kinene na bapa, kisha tumia wastani. Usisome ulipopakwa rangi ya ngeu. Zipe uzito rubidiamu, strontiamu, itriamu, zirkoniamu, niobiamu na titaniamu. Usiamini fosforasi wala kalsiamu kwa vigae vilivyolala kwenye jaa la majivu na mifupa, kwa sababu ardhi imeviongezea. Manganizi na bariamu nazo huhama ardhini.

Ngazi ya juu ni kuamsha atomi za kigae kwa nyutroni katika kinu cha nyuklia, au ICP-MS, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Zote husoma elementi 30 au zaidi kwa usahihi mkubwa. Unga wa miligramu 200 unatosha, lakini ponda kipande kikubwa kuliko hapo kwanza, angalau gramu 1, ili unga uwakilishe kigae chote. Kwa takwimu, kundi moja lazima liwe na vigae vingi kuliko elementi unazozitumia. Ukiwa na vigae 8 na elementi 15, kompyuta itakupa makundi ya kupendeza yasiyo na maana yoyote.

Kwa hadubini au kwa kemia, bila udongo wa kulinganisha hujapata kitu. Zunguka kilomita 7 kuzunguka eneo, chukua kilo 1 kila penye udongo wa mfinyanzi kando ya mito na mabonde, weka alama ya GPS, finyanga vibao vya sentimita 3, vichome kwa nyuzi 700 hadi 800, kisha vipime pamoja na vigae. Wengi huiruka kazi hii kwa kuwa ni ya jua kali na matope. Wakimaliza wanajua kuna makundi matatu ya udongo, na hawajui hata moja lilitoka wapi.

Ukiulizwa uchague moja kwa vyungu vya mikono vyenye chenga kubwa, yaani karibu vyote vya kale vya Afrika Mashariki, chagua hadubini. Slaidi 40 zilizosomwa na mtu anayejua miamba zinashinda vipimo 400 vya mashine ya mkononi. Kemia inaongoza pale ambapo udongo ni laini usio na punje za kusoma, au pale ambapo jiolojia ni moja kwa mamia ya kilomita.

Mabaki ya chakula

Mafuta hunywewa na ukuta wa chungu na kukaa humo maelfu ya miaka. Vigae vya maeneo ya wafugaji wa Kenya na Tanzania, yakiwemo Luxmanda kwenye nyanda za Mbulu, yenye umri wa miaka 3,000 hivi, vilichunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2020: maziwa, nyama na mimea. Njia hii hufuatilia uhamaji wa namna ya kuishi, nayo hufaa pale unapouliza kama waliofika ni wafugaji au ni wenyeji waliopata vyungu vya wafugaji.

Vigae vyake lazima vitengwe shimoni, kabla ya kuoshwa. Usivishike kwa mkono mtupu, kwani mafuta ya ngozi huingia, wala usivitie kwenye mfuko wa plastiki. Vifunge kwa karatasi ya alumini na uchukue udongo wa pembeni yake. Vipande vya karibu na mdomo ni bora kuliko vya kitako, kwa sababu mafuta huelea wakati wa kuchemka. Maabara hukwangua milimita 1 ya juu na kuitupa, kisha huchukua gramu 2 za unga. Tofauti ya aisotopu za kaboni (atomi za kaboni zenye uzito tofauti) kati ya asidi mbili kuu za mafuta ikiwa chini ya −3.1 kwa elfu, hayo ni maziwa. Kigae kilichosuguliwa kwa sabuni stoo miaka 30 iliyopita hakifai tena.

Mambo ambayo chungu hakiwezi kusema

Kwenye Bonde la Ufa la Kenya, waakiolojia walitenganisha wafugaji wa kale katika mapokeo mawili. Wa Elmenteita walikuwa na vyungu vingi visivyo na nakshi, na obsidiani (jiwe la kioo cha volkeno) kutoka Mlima Eburu. Wenzao wa savana walikuwa na vyungu vilivyochorwa na vyanzo vingine vya mawe. DNA ya kale iliyochapishwa mwaka 2019 haikuwatenganisha. Walikuwa watu wa asili moja, waliochagua kufinyanga tofauti.

Komoro ni kinyume chake. Vyungu vya karne ya 8 hadi ya 10 vina undugu na vya pwani ya Afrika, na mtu angesema wakazi walivuka kutoka Mrima. Mbegu zilizoungua, zilizochapishwa mwaka 2016, zilikuwa zaidi za Asia, mpunga na choroko zikiwemo, wakati pwani ya bara ililima zaidi nafaka za Kiafrika. Watu wa ng'ambo ya bahari walikuwamo, na vyungu havikuwataja. Kwa hiyo popote unapochimba, chekecha udongo wa jikoni kwa maji upate mbegu. Ndoo 2 kwa kila tabaka hazigharimu chochote.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kati ya mwaka 800 na 400 Kabla ya Kristo mstari wa usahihishaji wa radiokaboni, unaogeuza kipimo cha kaboni kuwa miaka ya kalenda, umelala bapa, na Urewe ya mwanzo inaangukia humo au karibu. Makaa yenye tofauti ya miaka 300 hutoa majibu yanayofanana, kwa hiyo huwezi kusema Kagera ilitangulia Rwanda kwa tarehe chache. Pima mbegu za msimu mmoja. Makaa ya gogo kuu huongeza umri wa mti juu ya umri wa moto.

Kwa bajeti uliyonayo

Fedha za daftari na lenzi tu: fanya nakshi na mkono kwa vigae vyote, na usitoe hukumu juu ya asili ya udongo. Ukiongeza fedha za slaidi 40, zigawe kwa makundi ya mkono. Usichague vigae vizuri vyenye nakshi peke yake, maana huenda ndivyo vilivyouzwa mbali na vile vibovu ndivyo vya nyumbani. Chukua vya aina zote mbili. Mashine ya mkononi ikikopeshwa, itumie kupanga vigae vipi viende kwenye slaidi. Mafuta na kinu cha nyuklia visubiri mpaka uwe na swali ambalo hayo mengine yameshindwa kulijibu.

Kibali kwanza. Tanzania ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na Idara ya Mambo ya Kale, Kenya ni NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) na Makumbusho ya Taifa, na sampuli inayotoka nchini au inayosagwa inahitaji ruhusa yake. Taja kwenye ombi ni vigae vingapi vitakatwa na kwa gramu ngapi.

Kisha shika mfuatano huu kwa kila kigae. Piga picha na uchore. Kama kuna uwezekano wa kukipima umri kwa mwanga wa joto (mwanga ambao kigae hutoa kikipashwa moto), kata kipande hicho gizani mapema kabisa, kwa sababu eksirei na XRF hukiongezea mionzi na umri wake huharibika. Baada ya hapo toboa cha mafuta, halafu eksirei, halafu XRF, halafu kata slaidi, na unga wa kemia utoke kwenye masalia ya slaidi hiyohiyo ili majibu mawili yazungumzie chungu kimoja. Theluthi moja ya kigae, yenye mdomo na namba yake, irudi sandukuni bila kuguswa.